Utamaduni Wetu wa Kusini: Unaoonekana na Uliofichika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu)



Nilipopata barua ya kuniomba niseme machache juu ya utamaduni wetu, niliuliza kwanza kama barua hiyo haikupotea njia. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa kupima mashamba, kuhesabu mikorosho na kuwahimiza watu wapulize salfa kwa wakati. Katibu wetu akanijibu kwamba mtu aliyeingia katika mashamba ya watu wa Newala na Masasi kwa muda wote huo, akawasikia wakigombania mipaka, hawezi kusema hajui utamaduni. Nikakosa la kumjibu, ndiyo maana mnaniona hapa.

Asubuhi hii vijana wametuchezea sindimba, na wamecheza vizuri. Wageni wamepiga picha za kutosha. Mgeni rasmi amesema kwamba huo ndio utamaduni wetu na kwamba tuudumishe. Sipingani naye, mgeni rasmi hapingwi. Nataka tu kuongeza kwamba tuliyoyaona ni yale ambayo wenye utamaduni huo huyaruhusu yaonwe na mtu yeyote anayepita na kamera. Ngoma, vinyago, mavazi, vyakula na nyimbo za hadharani, hayo ni ya nje. Ya ndani ni yale ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuyaandika ubaoni: nani asalimiwe kwanza, nani anaweza kukukemea mbele za watu na nani hawezi, lini kunyamaza ni heshima na lini ni kukataa, mali ya marehemu inafuata damu ipi. Mtu huishi nayo miaka sabini asijue kwamba anayo, mpaka siku anapokutana na mtu asiyekuwa nayo.

Nitoe mfano mdogo. Ninyi mliozaliwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde mnajua kwamba mchanga wa kule hunywa mvua yote. Maji hutokea chini mabondeni. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950 akina mama waliteremka kwa saa nyingi na kupanda tena na mtungi kichwani, na hata baada ya mradi si kila kijiji kilichofikiwa, wala bomba halikutoa maji kila siku. Nyumbani kwa bibi yangu, upande wa Newala, mgeni hakuomba maji ya kuoga. Aliletewa au hakuletewa. Akiletewa, alioga kwa kikombe na kubakiza. Mwaka 1969, nikiwa kidato cha kwanza hapa, nilikwenda likizo na rafiki yangu mmoja aliyetoka kando ya Ziwa Viktoria. Kijana mwenye adabu, msafi, aliyelelewa kwamba mtu mwenye heshima huoga asubuhi na jioni. Akaomba maji asubuhi, akaomba na jioni. Bibi akampa mara zote mbili wala hakusema neno. Rafiki yangu akasifu ukarimu wa watu wa Kusini, na alikuwa na haki ya kuusifu. Ila hakuona kwamba usiku ule mama yangu mdogo aliteremka tena bondeni. Sasa niambieni, nani hakuwa na adabu hapo? Hakuna. Kila mmoja alifuata adabu ya kwao, na ya mwenzake haikuonekana.

Wataalamu wa mambo haya huko ng'ambo hupenda kuufananisha utamaduni na mlima wa barafu unaoelea baharini, kwamba sehemu kubwa imezama. Sisi barafu tunaijua ya kwenye soda. Kwetu utaona vyema zaidi kwa mpingo. Ukiukata, kinachoonekana kwanza chini ya gome ni mti mweupe, laini, ambao mchongaji huuondoa. Ule weusi anaoutafuta uko ndani. Mfano wenyewe haukamiliki, kwa sababu mpingo hauwezi kuishi bila ule weupe. Nadhani hilo nalo ni la kufikiriwa.

Katika historia yetu watu wengi wamekuja kuushughulikia utamaduni wa huku, wengine kwa kuuhifadhi na wengine kwa kuurekebisha, na karibu wote waliishika sehemu ile inayoshikika. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa umetoka tu kuzimwa katika wilaya hizi, alifika Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule kutoka makumbusho ya Leipzig. Alitoka Lindi kwa miguu akisindikizwa na askari, akapita Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda Newala. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti, na hata mashine ya kupiga picha za sinema. Akakusanya vinyago, mitungi, ngoma na silaha, akaandika habari za unyago, na kitabu chake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1908, na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Sina haja ya kumtukana. Alikuja kwa ulinzi wa serikali ya kikoloni na katika kitabu chake kuna maneno ya dharau juu ya babu zetu, lakini pia zimo picha za nyumba na nyuso ambazo leo hatungezipata mahali pengine.

Lakini tazameni jambo moja. Kule Chingulungulu alipokewa na mkubwa wa Wayao aliyeitwa Matola. Wamisionari wa Kiingereza nao, katika miaka ya 1870 na 1880, walikuwa na rafiki yao Newala aliyeitwa Matola. Hawa si mtu mmoja. Jina lile lilikuwa kama kiti: aliyekikalia akifa, hukaliwa na mwingine, pamoja na wake, madeni, marafiki na maadui wa aliyetangulia. Na kwa desturi ya Wayao anayestahili kukalia si mtoto wa marehemu bali mtoto wa dada yake. Mashine ingeweza kunasa sauti ya Matola na kamera ikachukua sura yake, lakini hakuna picha inayoweza kuonyesha kwamba yule kijana anayecheza uani ni mwanawe na hatarithi, na yule mwingine aliyesimama pembeni kama mgeni ndiye mrithi.

Kuna habari nyingine ya karibu zaidi. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliibiwa, na katika vitu vilivyochukuliwa kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Baadaye kikagundulika Geneva, Uswisi, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, ambayo ilikuwa imekinunua. Mazungumzo yakachukua miaka mingi, na Mei 2010 kinyago kikarudishwa kwa serikali yetu. Nilipozisoma habari hizo nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Halafu nikajiuliza: kimerudi mbao. Je, yaliyomo ndani ya mbao?

Wale waliopita jandoni wananielewa, na wasiopita nitawaambia kiasi kinachoruhusiwa. Kinyago cha midimu kikitoka uwanjani, watoto na wanawake huambiwa kwamba huyo si mtu. Mvulana akienda jandoni ndipo anapoonyeshwa kilichomo, na huapishwa asiseme. Mgeni atasema: basi siri yenyewe ni kwamba ndani yumo mtu. La hasha. Bibi yangu alimjua kila mchezaji aliyewahi kuvaa kinyago kijijini kwetu. Aliwajua kwa miguu, kwa makovu, kwa namna ya kukohoa. Wanawake wote walijua. Wanaume nao walijua kwamba wanawake wanajua. Hata hivyo kinyago kilipotoka, bibi alipiga kelele na kukimbia pamoja na wenzake, kisha jioni akampelekea yule mchezaji uji, bila kutaja neno lolote juu ya mchana. Kwa mawazo yangu, kilichofichwa na kinyago hakikuwa uso wa mtu. Ni yale makubaliano ya kijiji kizima kwamba kuna mambo yanayojulikana na hayasemwi. Makubaliano hayo hayawezi kuibwa na mwizi wa makumbusho, na hayawezi kurudishwa kwa ndege kutoka Geneva.

Misheni nayo iliingia humo humo. Kituo cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi wetu tumejifunza habari hii darasani kama habari ya dini na ya ukombozi. Lakini fikirini upande wa pili. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa mara mbili au tatu, akafika Masasi akiwa huru: mjomba wake yuko wapi? Nani atampeleka jandoni, nani atampa jina la ukubwani, atazikwa na ukoo gani? Uhuru wake ulionekana wazi. Alichonyang'anywa hakikuonekana, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumrudishia. Ilibidi watu wale watafute ndugu upya, kwa kuoana na kwa kupeana undugu.

Baadaye alikuja Vincent Lucas, aliyefika huku mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944. Lucas alifanya jambo ambalo wamisionari wenzake wengi hawakuthubutu. Badala ya kupiga jando marufuku, aliliingiza kanisani: padri akawapo kumbini, sala zikawapo, vijana wa Kikristo wakatahiriwa wakiwa Wakristo. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ameieleza habari hiyo kwa kirefu. Nimeisoma na ninamheshimu Lucas, kwa sababu angalau alitambua kwamba ukiondoa jando utakuwa umeondoa shule. Ila kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Makungwi walikuwa akina mama, mafundisho yalikuwa yao, na padri ni mwanamume. Mlango wa wavulana mzungu aliupata. Ule wa wasichana aligonga nje.

Tena hata kwa wavulana yapo yaliyobaki nje ya hesabu. Katika shule moja ya msingi niliyosoma, wenzetu walirudi kutoka jandoni na majina mapya. Rejista ilikuwa na majina ya zamani. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa huku, akaita jina la utotoni, kijana kimya. Akaita tena, kimya. Akamchapa kwa kiburi. Kwa mwalimu, kijana amekataa kuitika. Kwa kijana, mtu mzima amemtukana mbele ya darasa, naye amejizuia kwa heshima asimjibu. Wote wawili walikwenda nyumbani wakiamini wameonewa.

Tulipopata Uhuru, Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili turudishe yale tuliyofundishwa na wakoloni kuyaonea haya. Lilikuwa jambo zuri, na ile kasumba ya kuona kila cha kwetu ni ushenzi ilistahili kupigwa vita. Sindimba ikatoka huku, ikachezwa na kikundi cha taifa, ikaingia mashuleni na kwenye viwanja vya ndege kuwapokea wageni. Wako waliolalamika magazetini kwamba ngoma ya viuno haifai hadharani. Hawakujua, au walisahau, kwamba ngoma hiyo ilikuwa na mahali pake, wakati wake na watu wake. Ikitolewa huko, viuno vinabaki na maana inabaki Newala.

Na nini kimepotea? Hapa ndipo penye ajabu. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndona kwenye mdomo wa juu na kuchanja chale usoni. Leo nendeni Newala yote, toka Kitangari mpaka ukingoni kwenye Shimo la Mungu, mtahesabu nyuso zenye chale na hamtapata nyingi, na ndona mtaitafuta. Alama iliyoonekana kuliko zote, ambayo kila mzungu aliipiga picha, imekwisha katika muda wa vizazi viwili, na hakuna Mmakonde aliyeacha kuwa Mmakonde kwa ajili hiyo. Lakini jaribuni kumwoza binti bila kumwarifu mjomba wake. Jaribuni tu. Nawaonya kama mzee.

Basi nifike kwenye jambo ninalolijua kwa kazi, nalo ni mkorosho.

Vijana wa kutoka mikoa mingine wafahamu kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao sote tunahesabu ukoo kwa mama. Mmakonde husema litawa, Mmakua husema nihimo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mlezi wake mkuu, kwa desturi, ni kaka wa mama yake, na mrithi wa mwanamume ni mpwa wake. Aghalabu mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akalima kule kwa ruhusa yao. Kwa mazao ya mwaka mmoja mpango huu haukuwa na tabu. Ukilima mtama au mihogo kwenye ardhi ya wakwe, unavuna, mambo yamekwisha. Ukifa au ukiachana na mke, ardhi inabaki kwa wenyewe.

Mkorosho ukaharibu hesabu. Mti huu uliletwa pwani zetu na Wareno kutoka Brazili, lakini huku kwetu ulipandwa kwa wingi hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkorosho huzaa kwa miaka thelathini, arobaini na zaidi. Huishi kuliko ndoa, na mara nyingi huishi kuliko aliyeupanda. Kwa hiyo mtu alipopanda mkorosho alikuwa, bila kusema na pengine bila kufikiri, ametamka neno juu ya nani atamfuata. Serikali ilihesabu miti na magunia. Mimi mwenyewe nililipwa mshahara kwa kuhesabu miti. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilitoa tani 145,000 hivi za korosho. Kufika msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya 20,000. Sababu zilizoandikwa ni za kweli na mimi nimeshiriki kuziandika: watu walihamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukateketeza maua mpaka tulipopata salfa. Lakini katika taarifa zote nilizopata kuziona hapakuwa na safu ya kujaza swali hili: mti huu ni wa litawa lipi? Nami nimeona mashamba mazuri yakiingia msitu, si kwa ugonjwa wala kwa bei, bali kwa sababu mwenyewe amefariki na hakuna aliyethubutu kupalilia, kwa kuwa kupalilia ni kudai.

Nitawaeleza kesi moja bila majina. Mzee mmoja aliacha mashamba matatu. La kwanza lilikuwa kwenye ardhi ya mama yake, la pili kwenye ardhi ya wakwe, na la tatu alilinunua kwa fedha zake karibu na Masasi mjini. Aliacha watoto watano na wapwa watatu. Mmoja wa wapwa alisomeshwa na marehemu mpaka kidato cha nne. Watoto wawili walikuwa bado shuleni. Niliitwa nikahesabu miti. Wazee wakakaa. Shamba la kwanza halikuwasumbua: ardhi ya mama, lirudi kwa wapwa. La pili halikuwasumbua pia, na hapa ndipo mtu wa mbali hushangaa: lilikwenda kwa watoto, si kwa kuwa baba yao alilipanda, bali kwa kuwa wao ni watu wa ukoo wa mama yao na ile ni ardhi ya kwao. Mambo mawili yalimalizika kabla ya chai.

Shamba la tatu lilichukua misimu miwili. Shamba la kununua halina ukoo. Wapwa wakasema fedha zile ni za mjomba, na mjomba ni wetu. Watoto wakasema baba yetu alikuwa Mwislamu, na dini imetutengea mafungu yetu. Mjane akasema alipalilia kwa jembe lake mwenyewe. Mtu akataja Mahakama ya Mwanzo. Kila mmoja alikuwa na sheria ya kusimamia, na kila sheria ilikuwa ya kweli. Wazee waliomaliza mashamba mawili kwa asubuhi moja hawakuwa na la kusema, kwa sababu yale waliyoyarithi hayakuwahi kumfikiria mtu mwenye hati ya kununua. Mwishowe walioamua ni magugu: nusu ya miti iliungua katika moto wa kiangazi, na kilichobaki kikagawanywa kwa huzuni.

Nawaomba wenzangu wa umri wangu mfikirie. Sisi tuliosoma hapa, mali yetu karibu yote ni ya namna ya lile shamba la tatu. Nyumba ya mjini, kiwanja Mtwara, kiinua mgongo, akiba benki. Tumeacha ndona, tumevaa tai, tunacheza sindimba siku ya sherehe, tukadhani tumekwisha chagua tunachoshika na tunachoacha. Lile lililo zito kuliko yote hatujalikalia kikao.

Kabla sijaketi niseme na hili, kwa kuwa mwanafunzi mmoja ameniuliza wakati wa chai kama ninaunga mkono unyago. Hilo swali huulizwa kama vile unyago ni kitu kimoja. Siku hizi mara nyingi unyago na jando hufanyika wakati wa likizo, na naona ni sawa, mtoto asikose masomo. Gharama za sherehe zimekuwa za kujionyesha, hilo silipendi. Lakini watu wengi wanaoulaumu wanalaumu ngoma na vumbi, na wanaoutetea wanatetea ngoma na vumbi hivyo hivyo. Jambo la ndani ni hili: binti akitoka unyagoni, kijiji kizima humtazama kama mtu mzima, awe na miaka kumi na minane au kumi na miwili. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mimi naiunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote. Lakini macho ya kijiji hayasomi hukumu. Wanaoweza kuyabadilisha macho hayo ni makungwi wenyewe, wakiamua kumwambia mwali kwamba bado. Sisi wanaume wa shule hii hatuna hata ruhusa ya kusikia wanachosema. Basi tuanze kwa kuwaheshimu na kuwauliza dada zetu.

Kwa upande wangu nimejaribu kidogo. Nina shamba la kununua, mikorosho 62, na nyumba moja mjini Masasi. Nina watoto wanne na wapwa wawili. Juni iliyopita niliwaita wote, nikawawekea mkeka, nikawasomea orodha niliyoiandika kwa mkono wangu: hiki cha nani, kile cha nani, miti hii ya nani. Nilipomaliza, mpwa wangu mkubwa alitazama chini, kisha akasema, "Ahsante, mjomba. Tumesikia." Wengine wote wakanyamaza. Tukala, tukazungumza habari za mvua, wakaondoka salama.

Binti yangu aliyekulia Dar es Salaam alinisaidia kukunja mkeka. Akaniambia, "Baba, nimefurahi sana. Wote wamekubali."

Nimewaita tena Desemba, korosho zikiwa zimeshauzwa, na safari hii nimemwomba dada yangu mkubwa ashuke kutoka Newala awepo.